Presha Niliyoiandika Bila Kuipima

Nikikumbuka hasira inanipanda upya, wala sitaki inishuke.

Nilikuwa nesi mpya, nimetoka chuo na digrii yangu, nimepangiwa wodi ya wazazi katika hospitali moja hapa Morogoro. Msimamizi wangu alikuwa mama wa makamo, nesi wa siku nyingi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, "Marahaba. Haya msomi, kutandika kitanda unajua, au digrii haina?" Wenzake wakacheka.

Kitabu changu cha mafunzo alikifungia kwenye droo yake. Bila sahihi zake nisingepata leseni, na alijua. Nikiuliza kitu, "Si wewe msomi?" Nikikosea, ananisema mbele ya wagonjwa. Nilikuwa nalia chooni, halafu narudi Kihonda nilikopanga chumba, nalala na njaa kwa hasira. Kumjibu sikuthubutu. Mtu uliyemwamkia shikamoo asubuhi, mchana utaanzaje kumwambia anakosea?

Siku moja mchana, binti aliyeshuka kutoka milimani, aliyejifungua asubuhi ile, akaniita. "Dada nesi, kichwa kinaniuma sana, na sioni vizuri." Jamani, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeshtuka! Nikakimbilia mashine ya presha, haipo, imeazimwa wodi nyingine. Nikamwomba msimamizi ruhusa niifuate.

Alikuwa anakula vitumbua. "Uende wapi, na daktari anakuja kupitia wagonjwa? Andika mia na kumi kwa sabini, kama ya asubuhi. Hataki kuona karatasi ina mapengo."

"Lakini mama, anasema haoni vizuri..."

"Kitabu chako unakitaka, hukitaki?"

Nikaandika. Mkono wangu huu huu.

Daktari hajafika hata kitanda cha tatu, yule binti akakakamaa, akaanza kutetemeka mwili mzima, povu linamtoka. Kifafa cha mimba. Mashine ilipoletwa, presha ilikuwa mia na themanini kwa mia na ishirini. Tulihangaika naye mpaka akatulia. Alipona, namshukuru Mungu, na mwanawe akamnyonyesha.

Daktari aliinua ile karatasi. "Nani kaandika hii?"

Msimamizi wangu hata hakupepesa macho. "Huyu mgeni. Watoto wa siku hizi hawapimi, wanabuni tu."

Nilifungua mdomo. Nikamwangalia yeye, nikaiangalia droo. Nikaufunga. Daktari alinikaripia mpaka wagonjwa wakanionea huruma.

Kesho yake, bila kuombwa, mama yule akafungua droo na kunipa kitabu changu. Alikuwa amesaini kurasa zote. Kwenye ukurasa wa kupima presha aliongeza kwa mwandiko mzuri: *Anaweza bila kusimamiwa.*

Nikakipokea kwa mikono miwili, nikapiga na goti. "Ahsante, mama."

Ahsante! Matusi yake yote hayaniumi tena, ila neno hilo, lililotoka kinywani mwangu mwenyewe, linanichoma mpaka leo.