Picha Safi

Mdogo wangu alianza kuugua msimu wa kuamia ndege, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Sisi wa Katindiuka, mpunga ukishaanza kuweka punje tunahamia shambani, tunapanda juu ya dungu, jukwaa la miti, na kupiga kelele tangu alfajiri hadi jua lizame. Kweleakwelea hawana huruma. Ukinyamaza umalize ugali tu, jaruba zima la mpunga limekwisha. Kwa hiyo ukimsikia mtu anapayuka peke yake kule juu, anatukana, anafukuza, unajua huyo ni mchapakazi. Mwaka ule mdogo wangu alipayuka kuliko wote, na baba akamsifu mbele za watu.

Tukavuna. Ndege wakaondoka, sisi tukarudi nyumbani, yeye akaendelea. Alikaa uani, uso ameuelekeza ukutani, anawajibu watu. Nilipomuuliza ni akina nani, alinitazama kwa mshangao, maana kwake wao walisikika vizuri tu kama nilivyosikika mimi.

Dungu lake lilikuwa mpakani, kati ya shamba letu na la shangazi, dada yake baba, mjane asiye na mtoto wa kumsaidia. Sauti ile moja ililinda mashamba mawili, na shangazi alimpikia chakula cha mchana. Ndiyo yalikuwa makubaliano yao. Shangazi akavuna vizuri, na watu hawakuhitaji ushahidi zaidi ya huo. Wakasema ameichukua akili ya kijana na kuiacha dunguni imlindie mpunga, kilichorudi nyumbani ni ganda. Nilikasirika. Mama huyu alitubeba mgongoni sote wawili.

Mimi ndiye niliyeng'ang'ania hospitali. Nilitaka kichwa kipigwe picha, lionekane doa au uvimbe, kitu chochote cha kuonyesha kwa kidole, ili shangazi yangu aachwe apumzike. Tukaenda hospitali kubwa, mbali na kwetu, na baba akafuatana nasi. Kabla ya kulala kwenye mashine, mdogo wangu aliuliza nani mwingine yumo mle ndani. Akaambiwa hamna mtu. Hakuamini, ila alilala.

Daktari alikuwa dada mpole. "Mzee, picha ni safi," alimwambia baba. "Hakuna uvimbe wala damu iliyovuja."

"Kwa hiyo kichwani hana ugonjwa."

"Anao, mzee. Unaitwa skizofrenia. Ila picha ya mtu mmoja haitoshi kuuonyesha."

Akatueleza bila haraka. Wataalamu wakikusanya picha za wagonjwa wengi na kuziweka pamoja na za watu wenye afya, ndipo wanaona kwamba kwa wagonjwa zile nafasi za maji katikati ya ubongo zimepanuka kidogo, na tabaka la juu limekuwa jembamba kidogo. Ni kidogo sana, na ukimchukua mgonjwa mmoja huenda picha yake isitofautiane na yako wewe. Zipo pia mashine za kuutazama ubongo ukiwa kazini. Mgonjwa akisikia sauti, hata chumba kikiwa kimya, sehemu za ubongo zinazohusika na kusikia zinaweza kuonekana zinafanya kazi.

"Haigizi," alisema. "Anasikia."

Nililia palepale kwenye kiti. Nilikuwa namwona juu ya dungu, msimu mzima, anawafukuza watu wasioondoka, na sisi chini tunamshangilia.

Baba alitoka pale na neno moja tu: safi. "Mashine kubwa vile," alisema njiani, "ingekuwa ugonjwa ingeuona." Nilimweleza upya, nikamweleza tena, hadi koo likakauka. Tulipofika nyumbani aliwaita ndugu akawaonyesha picha, na wote wakakubaliana kwamba hospitali imejitoa, basi ni uchawi. Nilitafuta picha ya kumwokoa shangazi, wakaitumia kumhukumu.

Wakamvusha shangazi mto, upande wa Lupiro, kwa mganga, akanyolewe uchawi. Kwetu anayetuhumiwa hunyolewa pamoja na anayemtuhumu, wote wawili hunywa dawa, na kuanzia hapo hairuhusiwi kulitaja tena jambo hilo. Baba na dada yake wakarudi vichwa vinang'aa, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi walivyofanana. Nywele za baba ziliota, maisha yakaendelea. Za shangazi nazo ziliota, lakini watoto walikatazwa kula kwake. Shamba akaliacha, akapanda treni kwenda Chita.

Siku hizi mdogo wangu anachomwa sindano kliniki kila mwezi. Sauti zimepungua, anasema ziko mbali, kama watu wa shamba la pili. Analima. Mpunga ukianza kuweka punje huuliza nani anamwamia shangazi ndege.

Mwaka huu nilichukua ile picha nikamfuata Chita. Nilimkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu."

Nikamweleza yote aliyosema daktari, kama nilivyomweleza baba. Alipangusa mikono kwenye kanga, akaitoa picha kwenye bahasha, akaiinua juani. Ilikuwa na safu za vichwa vidogo vidogo.

"Vyote hivi ni vya kwake?"

"Ni kichwa chake hichohicho, shangazi. Mashine imekionyesha kipande kwa kipande."

Alivipitia kimoja kimoja, midomo ikimcheza.

"Na mimi niko wapi hapa?"

"Hupo, shangazi. Hupo kabisa."

Aliirudisha picha kwenye bahasha, akaipangusa pumba.

"Baba yako ameiona?"

"Ameiona."

Akachukua ungo wake, akaendelea kupepeta.