Kumtafuta Lafleur Mjini Doha

Sikwenda Doha kutafuta kazi, nina yangu ya ualimu, ingawa majirani zangu wa Bukoba hawaamini mpaka leo. Nilikwenda kwa ajili ya baba. Alikuwa anaumwa, na kabla ya kufa alitaka kujua jambo moja: je, marehemu babu alikuwa mtoto wa padri? Babu alilelewa misheni, hakujua ukoo wake, na jina alilokuwa nalo ni la padri Mkanada aliyembatiza: Lafleur. Watu walinong'ona, na baba aliusikia mnong'ono huo tangu yuko shule.

Ndipo mdogo wangu Paskazia, mlinzi wa ghorofa moja la West Bay, Doha, alipopiga simu. Mgeni amepita mapokezi na kitambulisho kimeandikwa Lafleur. Ni injinia mzee wa Kanada, na mdogo wa babu yake alikuwa padri kwetu ziwani.

Nikakata tiketi, na alfajiri moja nilitua Doha. Joto lilinipiga usoni kama mvuke wa sufuria ya ndizi. Kufika Al Mansoura, mtaa anakoishi Paskazia, nikalala kwenye kitanda chake, yeye akiwa zamu. Kiyoyozi kilinguruma, nami nikaota babu anatembea kwenye vumbi jeupe, ananipungia mkono, hasogei mbele wala nyuma. Nilipoamka sikujua niko nchi gani.

Ijumaa jioni tulikwenda mgahawa mmoja wa Al Sadd kukutana na Bwana Lafleur.

"Dada, mkono asipokupa usione vibaya, ana haya yule mzee," Paskazia alinionya. "Na chai ya karaki unywe polepole, ina sukari hiyo!"

Bwana Lafleur alikuja na bahasha, akatandaza karatasi za ukoo wake. Kila mvulana alikuwa Yosefu, kila msichana Maria. Nikacheka, maana misheni kwetu ni vivyo hivyo. Ukiita Yosefu wanageuka kumi. Kisha akaeleza kwamba Lafleur halikuwa jina lao la asili. Babu yao wa kwanza alikuwa askari, na kapteni wake alimbandika jina hilo, maana yake ua la bustanini.

"Askari mzima anaitwa Ua!" Paskazia akashika mdomo.

"Ndiyo. Lakini kanisani waliandika yote mawili, la ukoo na la jeshi."

Halafu akatoa nakala ya barua ya padri kwa dada yake, akaitafsiri taratibu, nami nikiandika. "Leo mwanamke ameniletea mtoto mgongoni. Mumewe amefia njiani akibeba mizigo yetu. Mwenyewe anaumwa, hatapona. Amenitajia jina la mtoto na la ukoo wao mara tatu. Nimeshindwa kuyaandika. Nimempa langu."

Akavua miwani. "Nisamehe, mwalimu."

"Babu yako aliandikiwa yake mawili," nikasema, "babu yangu hata lake moja hakuandikiwa." Nilikasirika sana, na sikuona haya.

Usiku ule tulitembea ufukweni. Maghorofa ya West Bay yalielea kwenye ukungu wa vumbi, hayana miguu.

"Tutamwambia nini baba?" Paskazia akauliza. "Kwamba ukoo umepotea, khalas, basi?"

"Nitamsomea barua kama ilivyo."

Nyumbani Bukoba nilimkuta baba ameegemea mto. Nikasoma hadi mwisho, nikajiandaa kumfariji.

"Kwa hiyo si mtoto wa padri."

"Siye, baba."

"Na mama yake alimleta mwenyewe? Mgongoni?"

"Mgongoni."

"Akataja jina mara tatu."

"Mara tatu, baba."

Akalia, na kabla ya hapo sikuwahi kumwona akilia. "Miaka yote nilidhani alitupwa," akasema.

Nilikuwa nimesafiri kutafuta babu ni damu ya nani, kumbe baba alikuwa anamtafuta mama yake babu. Wiki iliyofuata alimwita fundi ajenge upya msalaba wa kaburi la babu. Akaagiza Lafleur liandikwe mwisho kabisa wa mstari, na kabla yake pabaki wazi.

Fundi akapima kwa futi, akauliza nafasi yote hiyo ni ya nini.

"Ya jina lake," baba akamjibu.