Mayai ya Asmahan

Shoga yangu Asmahan alikuja Birmingham kusomea maji, na sisi wa mtaa wa Sparkbrook tulimcheka: mtoto wa kisiwani kwenda shule kufundishwa maji! Mwishoni mwa mwaka 2006 alizika mayai ya samaki samoni katika kijito nje ya mji, ndani ya visanduku vyenye matundu, chini ya kokoto. Shahada yake yote ilikuwa humo.

Nilipoyasifu maji kwa weupe wake, alinikatiza. "Nunu, wewe unatazama juu tu. Yai linavuta hewa huko chini, kwenye maji yanayopita baina ya kokoto. Tope likiziba, yai linakufa, na juu unaona safi."

Mumewe Azizi aliyajua hayo kuliko mimi, maana kila wikiendi alimbebea vifaa. Siku za kazi aliendesha kijiko cha kuchimbia udongo kwenye ujenzi wa nyumba kandokando ya kijito hichohicho, upande wa juu. Alimwahidi mkewe: tope likiteremka, atamwambia siku ileile, ayahamishe mayai.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kwanza, Asmahan alitaka kufukua sanduku moja atazame. Azizi akamzuia.

"Mimba haichunguliwi, mke wangu. Husda ipo."

Maneno ya mama zetu hayo. Kwetu mimba hufichwa mpaka ijitangaze yenyewe. Asmahan, na usomi wake wote, akatii.

Mwezi wa tatu tukaenda kufukua. Maji yalikuwa yanang'aa. Kila sanduku lilijaa tope jekundu, laini, na mayai yote yameoza. Asmahan alilia palepale, miguu majini. Nami nililia, kwa hasira zaidi.

Tulirudi na visanduku, tukamkuta Azizi nyumbani anakula. Alipoona visanduku akaacha tonge, kabla hajaulizwa.

"Bosi alitaka shimo likauke," alisema. "Tukapampu maji yote ya tope kijitoni, kabla ya Krismasi. Kaniahidi kazi ya kudumu, Asma, ningesemaje? Halafu maji yakatakata, I swear, nikajua mayai yatapona."

"Muongo," Asmahan alimjibu. "Nani alikufundisha kuwa juu hakusemi kitu?"

Azizi akainamia sahani. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimekaa nacho meza moja.

"Bosi wako simjui, wala hanijui," Asmahan alisema. "Yeye kamwaga tope tu. Wewe ndiye uliyeniambia nisifukue."