Aliyebaki Chini ya Kilima

Jumanne iliyopita dereva wa lori la chumvi alisimama mbele ya ofisi ya gazeti letu hapa Kasese, akashuka bila kuzima injini, akaniambia kwamba yule mchuuzi wa chumvi wa Bwera amefariki na atazikwa kesho yake. Dereva ni Mwislamu. Marehemu alikuwa Mkatoliki kutoka upande wa Beni, huko Kongo. Kwa miaka zaidi ya kumi walisafirisha chumvi pamoja kutoka ziwa la chumvi la Kabatoro hadi mpakani, mmoja kwenye usukani, mwingine juu ya mizigo. Wasomaji wengi hawakumjua. Hakuwa na cheo, na kanisani alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Namwandika kwa sababu nilimkosea, na kwa sababu alinifundisha kusoma mstari mmoja wa Injili ambao nilidhani naujua.

Katikati ya miaka ya sitini, muda mfupi baada ya yeye kuvuka mpaka na wakimbizi wenzake, katekista wa Bwera alikuwa akitafuta mtu wa kuwa Simoni Mkirene katika Njia ya Msalaba ya Ijumaa Kuu. Msalaba ulikuwa wa mti mbichi, na kilima ni kikali. Nilikuwa nimemwona mgeni huyu akishusha mabamba ya chumvi mawili mawili, nikampendekeza. Dereva alicheka, akasema huyo ataubeba msalaba na padri akiwa amekaa juu yake. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilipima mabega yake, sikuuliza yamekwisha kubeba nini. Siku yenyewe, kwenye kituo cha tano, aliitwa mbele ya waumini wote. Hakusogea. Watu wakaanza kumtania kwamba mabega yale ni ya chumvi tu, yanaogopa mvua. Ndipo akamwambia katekista kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili cha kwao Kongo, "Mwalimu, ule Simoni alikuwa anatoka ku shamba. Balimukamata tu kwa nguvu. Mama yake alibakia na nani?"

Katekista akamwita mwingine. Baadaye dereva alinieleza yote. Wakati wa kukimbia, mchuuzi alikuwa amembeba mama yake mgongoni. Askari waliwakuta njiani, wakamwamuru amweke chini, abebe masanduku yao ya risasi. Alipoachiwa siku ya tatu alirudi mbio hadi mahali pale, akakuta kitambaa cha kichwa tu. Tangu hapo alikuwa hajapokea Komunyo, kwa kuwa aliamini amemtupa mama yake. Katekista alimwendea nyumbani, akamwambia kwamba aliyelazimishwa hana dhambi, kisha akamsomea katika Marko, pale Simoni anapoitwa baba yao Aleksanda na Rufo. Unaona, ndugu yangu, alimwambia, Mungu hakuwasahau watu wa Simoni. Mchuuzi aliomba asomewe tena. "Ni muzuri. Batoto baliandikwa," alisema. "Mama hakuandikwa."

Ijumaa Kuu iliyofuata alikuja na mtungi wa maji. Msafara ulipoanza kupanda, yeye alibaki chini pamoja na vikongwe wasioweza kupanda, akawapa maji na kusali nao vituo vyote kwa kufuata nyimbo zilizosikika kutoka juu. Pasaka ile alipokea Komunyo. Kila Ijumaa Kuu alibaki chini hivyo na mtungi wake, hata miaka hii ambapo lori hukaa wiki nzima bila mafuta na ilimlazimu kutembea. Nimesikia mahubiri mengi juu ya mateso, na karibu yote humtazama anayebeba. Mtu yule alimtafuta katika Maandiko aliyeachwa njiani, asimwone. Naye hakukifunga kitabu, akaenda kukaa mahali pa yule asiyeandikwa.

Jumatano tulimzika kwenye mteremko wa kilima kile kile. Wanaume waligombea kubeba jeneza. Nami nilikuwa na daftari mkononi, tayari kupanda niandike nani amesema nini, nilipogeuka nikawaona vikongwe wamebaki chini, na katikati yao dereva, na kofia yake, ameshika mtungi wa marehemu. Nilimuuliza kama hapandi kumzika rafiki yake.

"Huko juu watu wanatosha," alisema, akasogea nikae.

Kwa hiyo siwezi kuwasimulia yaliyohubiriwa kaburini. Anayeweza kupanda, apande. Lakini kabla hajainua mguu atazame nyuma, aone ni nani amebaki, na kama yupo aliyekaa naye.