Sanduku la Mulombwa

Muuza vitenge, mteja wangu wa siku nyingi, mtu wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema zamani, aliiweka mashine kwenye meza yangu ya kutengenezea redio, karibu na soko la Kamina. Ilikuwa fonografu, ile iliyotangulia gramofoni, inayopiga nyimbo zilizochorwa kwenye mitungi midogo ya nta badala ya sahani za santuri. Mnunuzi wa Lubumbashi alikuwa anangoja fundi athibitishe kwamba kila kipande ni cha asili.

"Iko ya nkambo, baba ya baba yangu," akasema. "Muzungu wa treni njo alimupatia. Hakuna muntu alishaigusa."

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Mashine ya umri ule ambayo haikuguswa sijaiona.

Nikaifungua mbele yake. Parafujo ndefu inayosogeza sindano ilikuwa imelika katikati, mahali nyimbo zinapopita, na kulika kwa namna ile hakuigizwi: mashine yenyewe ilikuwa ya zamani kweli. Lakini nilipokwangua chini ya sanduku, chini ya vanishi, mbao ilikuwa nyekundu: mulombwa, mti wa misitu yetu. Kibati cha namba nacho kilifunika matundu ya zamani yasiyolingana na yake.

"Sanduku ni la hapa kwetu," nikamwambia. "Na kibati hiki kimetoka kwenye mashine nyingine."

"Weye unataka kuniharibia biashara."

Akaifunga ndani ya kitenge, akaondoka. Nilibaki nikiamini nimemkamata tapeli.

Siku chache baadaye mama yake akaja na mashine ileile.

"Baba, unasema mutoto wangu iko mwizi?"

"Hapana, mama. Nimesema sanduku si la asili."

Akakaa. "Bwana yangu njo alilitengeneza. Ya kwanza muchwa walikula yote. Mutoto alikuwa hajazaliwa, hajue."

Nikamwuliza kuhusu kibati. Akatazama mlangoni.

"Ile sijue," akasema, na sikumwamini.

Hata hivyo alikuwa ameamua haiuzwi. Alitaka izunguke tu, asikie wimbo wake. Nikabadilisha springi iliyokatika, naye akashika mpini mwenyewe. Mtungi wa nta aliokuja nao, wenye ukungu, ulikwaruza kwa muda, kisha ikatoka sauti ya mwanamume akiimba kwa lugha tusiyoijua. Mama akafumba macho mpaka mwisho.

Mwanawe alikuja kuichukua kwa pikipiki. Tunasalimiana sokoni, ila redio zake sasa anazipeleka kwa fundi mwingine.