Mguu Uliozikwa Vibaya

Mguu wangu wa kushoto ulizikwa siku ya Alhamisi, nami nikiwa wodini mjini Eldoret nikibishana na muuguzi kuhusu uji. Sikualikwa. Mama ndiye aliyeamua. Kwa imani yake mtu hazikwi vipande vipande, huku kidogo na kule kidogo. Anazikwa kwao, na kama sehemu moja imetangulia basi isubiri nyingine mahali pale pale. Akamtuma mdogo wangu hospitalini akauchukue. Mdogo wangu akarudi nao nyumbani Moiben umefungwa kwa shuka, mzee wa kanisa akaitwa, na kwa kuwa hakuwa na sala ya mguu, aliomba sala ya kushukuru kwa mavuno. Wakaufukia kwenye kona ya shamba karibu na ua wa misaiprasi. Mke wangu aliponisimulia nilicheka mpaka mishono ikauma.

Kosa lilikuwa langu. Ilikuwa Novemba, tunapukuchua mahindi, na kile kifuniko cha shafti inayounganisha trekta na mashine kilikuwa kimevunjika tangu msimu uliotangulia. Mimi ndiye niliyesema kitangoja. Suruali ikanaswa, mguu ukafuata. Madaktari waliukata chini kidogo ya goti. Sitaeleza zaidi, walioona wameeleza vya kutosha.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Kwa miaka mingi nimechora ubongo na neva ubaoni, nikiwaambia wanafunzi kwamba maumivu hayako kidoleni, yako kichwani, kidole hupeleka habari tu. Nyumbani nilikuwa nimelelewa na somo jingine. Kijana wa kwetu anapoingizwa utu uzima kwa kisu hutazamwa macho, na akipepesa, ameuaibisha ukoo mzima. Mimi sikupepesa. Kutokana na masomo hayo mawili nilijijengea imani moja, kwamba mwili ni punda na akili ndiyo mwenye kiboko. Niliishika imani hiyo kwa nguvu sana, kama mtu ambaye hajawahi kupigwa teke.

Kwa hiyo nilipokuwa bado kitandani niliapa. Mvua za Aprili zikianza, nitapanda mahindi yangu mwenyewe, juu ya trekta yangu, nikikanyaga klachi kwa mguu wa kushoto, wowote utakaokuwepo. Mdogo wangu alikuwa ameshapata mtu wa kukodisha shamba, na alikuwa na nia njema. Lakini nimewaona wanaume waliokodisha mashamba baada ya ajali. Huanza na shamba, ikafuata trekta, na mwishowe huwekwa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba, wakawa wanahamishwa kufuata jua. Sikutaka kuhamishwa.

Maumivu yalikuja wiki ya tatu, nikiwa nimesharudi nyumbani. Hayakuwa kwenye kigutu, ambacho kilikuwa kinapona vizuri. Yalikuwa chini kabisa, kwenye vidole ambavyo sikuwa navyo. Nilihisi vimekunjwa kwa nguvu, kidole gumba kimeingia chini ya vingine, na kucha zinachimba wayo. Nilijua jambo hili lina maelezo. Nimelifundisha. Ubongo unaendelea kutunza ramani ya mguu hata mguu ukiondoka, na neva zilizokatwa zinapiga kelele. Nilijua kila kitu kuhusu maumivu yale isipokuwa namna ya kuyaondoa.

Nilijaribu kiboko. Niliketi wima, nikakaza meno, nikaviamuru vidole vikunjuke. Havikukunjuka. Nikajaribu kuvipuuza, vikakaza zaidi. Siku moja mke wangu alinikuta nimetokwa jasho, nimekodolea macho mahali patupu sakafuni.

"Mwalimu, unaongea na nani?"

"Na vidole. Vimejikunja."

Mama alikuwa mlangoni ameshika sufuria ya maziwa. Aliiweka chini polepole.

"Si nilisema," akasema. "Hiyo shimo walichimba fupi. Walikuwa na haraka, mvua ilikuwa inakuja. Mguu imezikwa imekunjwa, sasa unataka itulie aje? Lazima tuifukue tuinyooshe."

Nilimkatalia. Nasema nilimkatalia, lakini ukweli ni kwamba nilimfokea, mama yangu wa miaka sabini na kitu, mbele ya mke wangu. Kisha kwa aibu nikachukua daftari nikamchorea ubongo, uti wa mgongo na neva zinazoshuka mpaka mguuni. Nikamweleza kwamba kilichozikwa kule hakina habari yoyote na mimi. Alifuatilia mchoro kwa kidole, kwa heshima kabisa, mpaka mahali neva ilipokatika.

"Na hii neva yako imesema itanyamaza lini?"

Nikafunga daftari. Akachukua sufuria yake akaenda zake.

Kliniki ya mazoezi ya viungo ilikuwa mjini, na aliyenihudumia alikuwa binti wa watu wa kaskazini, mwenye hijabu ya kijivu na mikono yenye nguvu kama ya fundi wa magari. Hakuwa na muda wa falsafa yangu. Alisimamisha kioo kirefu katikati ya miguu yangu, upande wa kioo ukitazama mguu wa kulia, hivi kwamba nikitazama niliona miguu miwili mizima.

"Mzee, kunja vidole za kulia. Sasa fungua. Usiniangalie mimi, angalia hapo."

Kwenye kioo, mguu wangu wa kushoto ulifungua vidole. Na mimi, mtu mzima mwenye shahada, nilihisi vidole vikifunguka. Ilikuwa raha ambayo nusura initoe machozi.

"Lakini hiki ni kioo tu," nikasema.

"Ndiyo ni kioo. Imepungua ama haijapungua?"

"Imepungua."

"Basi fanya kila siku. Hiyo ubishi nayo uache nyumbani."

Nilifanya kila siku. Kioo kilinipa nusu saa, pengine saa nzima, kisha vidole vilirudi kujikunja kana kwamba vimegundua vimedanganywa. Jambo hilo lilinitia hasira kuliko maumivu yenyewe. Kama yote yalikuwa kichwani mwangu, na kichwa ni changu, basi nani alikuwa anakataa? Nilijiona kama nyumba yenye wenye nyumba wawili, na hakuna hata mmoja anayenisikiliza.

Machi nilipata mguu wa bandia. Nilijifunza kutembea nao kuanzia jikoni mpaka zizini, kisha mpaka langoni. Kutembea kuliwezekana, japo vidole vilikuwa vinauma ndani ya kiatu kile kigumu ambamo hamkuwa na vidole. Kikwazo kilikuwa klachi. Jumamosi moja nilipanda trekta uani, nikawasha, nikakanyaga. Uzito uliposhuka kwenye wayo usiokuwepo, kucha zote ziliingia nyamani kwa mpigo. Niliachia. Trekta ikaruka mbele, ikazima, nami nikaanguka ubavuni kwenye matope mbele ya familia yangu yote na jogoo.

Mke wangu aliniinua. Mama alikuwa amesimama kando ya ghala. Aliyatoa macho kwangu akayapeleka kwenye ile kona ya misaiprasi.

Kesho yake, Jumapili, sote tulienda kanisani isipokuwa yeye. Alisema goti linamsumbua. Tuliporudi tulimkuta anaosha jembe kwenye mfereji, gauni limejaa udongo mpaka kiunoni.

"Nimeinyoosha," akaniambia. "Vidole zote tano. Nimelaza vizuri, nikafukia."

Nilimkasirikia sana. Nilimwambia amenivunjia heshima, na kwamba angeweza kufia kule kwenye shimo na goti lake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama ninataka chai. Niliinywa nikiwa nimenuna. Kikombe hakijaisha, kidole kidogo kikalegea.

Nilidhani nimekosea. Nikangoja. Kikafuata cha pili yake, na cha tatu. Kabla jua halijatua, kidole gumba kilikuwa kimetoka chini ya wenzake na kulala sawasawa, na mguu wangu uliozikwa ulikuwa umepumzika kama mguu wa mtu aliyevua viatu. Sikumwambia mtu yeyote. Ningemwambia nani, na kwa maneno gani? Mama aliniangalia usoni mara moja tu, akaanza kuimba pambio.

Siku kumi na tisa sikuumwa. Nilifanya mazoezi ya klachi kila asubuhi na kila jioni, mpaka nikaweza kuiachia taratibu bila trekta kushtuka. Mtu wa kukodisha shamba alikuja kuulizia, nikampokea juu ya trekta, injini ikinguruma. Alisalimia akaondoka. Mwalimu wa biolojia ndani yangu alijikuna kichwa, lakini mkulima alimwambia anyamaze, kuna kazi.

Mvua ilianza juma la kwanza la Aprili. Siku ya kupanda mdogo wangu alikuja asubuhi kunisaidia kufunga mashine ya kupandia. Katika maongezi nikamweleza, huku nacheka, jinsi Mama alivyofukua mguu na kuunyoosha. Alishika spana kwa mikono miwili.

"Alifukua?"

"Alifukua. Jumapili moja tukiwa kanisani."

Akanivuta nyuma ya ghala. "Brother, unisamehe. Haikuwa mguu. Nilifika hospitali nikaambiwa imeshachomwa, ndio kawaida yao. Ningerudi aje kwa Mama mikono mitupu? Nilichukua gambuti yako kwa stoo, ile kiatu ya mpira ya kushoto, nikajaza udongo, nikafunga na shuka."

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kucheka, na kabla sijachagua nilishikwa na woga. Maumivu yangu yalikuwa yameondoka kwa sababu ya gambuti. Sasa nimejua ni gambuti. Kioo nacho nilijua ni kioo, na kila siku kilinichoka baada ya nusu saa. Nikasimama pale nikiusikiliza mguu wangu kama mtu anayesikiliza mlango.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni, anachagua maharagwe ya mbegu. Nikamuuliza bila kuzunguka.

"Mama, siku ile ulifukua nini?"

Aliendelea kuchagua. "Gambuti yako."

"Kwa hiyo ulijua."

"Niliona. Nilichimba asubuhi yote na hii goti, nikapata gambuti." Akatupa harage bovu kwa kuku. "Nilikaa hapo kidogo. Nikafikiria nikirudi nitakuambia nini. Basi nikamwaga ile udongo, nikaingiza mkono ndani, nikanyoosha mahali ya vidole. Ilikuwa imekunjwa kweli. Nikailaza nikafukia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeanza kunichorea."

Kisha akainua macho, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa Mama hata siku ya ajali. Alikuwa anaogopa.

"Imeanza tena?" akauliza. "Kwa sababu umejua?"

Ilikuwa imeanza. Kidole kidogo kwanza, polepole, kisha jirani yake. Nilihisi vikijikunja kimoja kimoja huku mama yangu akinitazama, na nikamtazama machoni bila kupepesa.

"Hapana, Mama. Iko sawa."

"Basi nenda. Hii mvua haingoji mtu."

Nilienda. Mdogo wangu alitaka kuendesha, nikamwambia ashuke. Nilipokanyaga klachi mara ya kwanza nilisikia kucha zote tano, na sikuachia. Sikuyaamuru maumivu yaondoke, wala sikujifanya hayapo. Yalikuwa yangu, kama maumivu ya goti la Mama yalivyo yake, naye aliyachukua akaenda nayo kuchimba. Nimefikiri sana juu ya siku zile kumi na tisa. Kitabu cha biolojia hakinitoshi, na shimo la kona halinitoshi. Najua tu kwamba mwanamke mzee alinichimbia ardhi kwa ajili ya vidole vyangu, na mahali fulani, kichwani au mguuni, sijui na sijali tena, vidole vikalijua hilo kabla yangu.

Nilipanda ekari mbili siku hiyo. Kila mwisho wa mstari nilikanyaga klachi ili nigeuze, na kila mara niliuma meno, nikageuza, nikashika mstari mwingine. Niliporudi jioni Mama alikuwa bado nje. Alinitazama nikishuka kwenye trekta kwa kushikilia usukani.

"Inauma," akasema. Hakuwa anauliza.

"Inauma."

"Na umepanda."

"Nimepanda ekari mbili. Zimebaki tano."

Akatikisa kichwa kukubali, akainuka kwa shida, akashika goti lake, akapiga hatua ya kwanza kuelekea jikoni. Nikapiga ya kwangu nyuma yake.

"Kesho tuamke mapema," akasema. "Mimi nitakuja kuweka mbegu."