Diode Iliyokufa kwa Ajili ya Mayai

Mke wangu Jovina ni fundi wa redio na sola pale Izia, na asiyependa kunisikia nikimsifu azibe masikio. Mimi nalima mahindi. Waya zikitoa cheche natimua mbio. Yeye anazijua diode, vile vipuri vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, kama ninavyozijua mbegu zangu.

Mama yangu, Coleta, hakuipenda kazi hiyo hata kidogo. Kwake yeye mahali pa mkwe ni jikoni. Redio yake ikiharibika aliipeleka kwa mafundi wa stendi, akapita mbele ya meza ya Jovina bila kugeuza shingo. Iliniuma sana.

Jumamosi iliyopita alishuka kwenye bodaboda kutoka kijijini kwake Pito, amekumbatia beseni la mayai lililofunikwa blanketi. Dereva akashusha mashine yake ya kutotolea vifaranga. Mama alikuwa amebadilisha betri, akafunga waya mwekundu kwenye hasi badala ya chanya, mashine ikazimika. Mayai yalikuwa karibu kuanguliwa, na baridi yetu ya mwezi wa saba haina huruma hata kwa mtu mzima. Mafundi wa stendi walikuwa wamefunga, wamekwenda msibani.

"Shikamoo mama," alisema Jovina.

"Marahaba. Mayai yangu yatakufa."

Jovina akafungua mashine. Fyuzi ilikuwa imekata. Pale betri inapoingilia palikuwa na diode nyeusi yenye pete nyeupe. Akaigusa kwa mita ya kupimia umeme. Ikapitisha umeme pande zote mbili.

"Basi imekufa, itoe," nikasema, kama najua kitu.

"Subiri, baba. Ikiwa bado kwenye kadi hii iliyobeba vipuri vyote, umeme wa mita unaweza kupita njia nyingine ukakudanganya."

Akayeyusha risasi iliyoishikilia, akainyanyua diode mguu mmoja, akapima tena. Bado ikapitisha pande zote.

"Sasa imekufa kweli. Hii ni mlinzi, mama. Betri ikifungwa kinyume, inaubeba umeme wote yenyewe mpaka fyuzi ikate. Kadi imebaki nzima."

Mama alilivuta blanketi juu ya beseni.

Nikachokonoa kopo la vipuri, nikampa Jovina diode ndogo ya kioo. Akanicheka. "Hiyo ni zena, kazi yake kuzuia volti zisipande. Hapa itaungua mara moja." Akachagua nyeusi, nene. Mita ikasoma upande mmoja. Akageuza waya, haikupitisha kitu. Akaichomelea, pete ikielekea chanya, akaweka fyuzi mpya, akafunga betri. Taa ndogo ya kijani ikawaka.

"Hata hiyo taa ni diode, mama, ila yenyewe inatoa mwanga."

Joto lilipopanda wakapanga mayai ndani. La mwisho mama akaliweka sikioni, akaganda.

"Kinalia! Kifaranga kinalia humu ndani!"

Nilitamani kutoka nje nipige kelele mtaa mzima usikie huyu ni mke wa nani. Jovina mwenyewe alinawa mikono, akainuka kwenda kupika. Mama akamshika mkono.

"Kaa hapa na mashine, fundi." Kisha akanigeukia mimi, mtoto wake wa kwanza. "Kasmir, nenda kasonge ugali."